Muvi ya kutisha au ya masupahiroo: namna ya kuchagua ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mabishano haya kila mpenda muvi wa Mbeya anayajua. Yanaanzia kwa kinyozi pale Mwanjelwa, yanahamia hosteli za wanafunzi Iyunga, na ukipanda basi la Iringa ukidhani umeyaacha, unayakuta Kihesa yamekaa yanakusubiri. Mmoja anasema muvi ni ya kutisha, nyingine zote ni watu wazima waliovaa taiti wakirushiana magari. Mwenzake anamjibu: "Kaka, mimi siwezi kununua bando halafu nilale taa inawaka." Anayenyolewa anaombwa atoe hukumu, naye mashine iko nyuma ya sikio, hawezi hata kutikisa kichwa.

Hukumu haipatikani kwa sababu wanabishania ipi kali. Mtu anayetafuta cha kuangalia Ijumaa usiku ana shida nyingine kabisa: anaangalia wapi, yupo na nani, sauti inatoka wapi, na ana muda gani kabla umeme au usingizi haujamkata. Muvi inayomrusha mtu kwenye kiti ndani ya ukumbi wa sinema Dar inaweza isiwe kitu kwenye chumba cha bati Uyole, na ile anayoidharau kuwa ya kitoto ikawa burudani ya mwezi kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyeshea muvi kwa kiingilio. Kwa hiyo naanza na chumba, muvi zenyewe zitafuata. Na niseme mapema: nina upande. Utauona.

Steringi hafi

Vibanda umiza vina sheria ya zamani kuliko muvi za Marvel: steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atazikwa akiwa hai, lakini dakika ishirini za mwisho anarudi, na mliokaa kwenye mabenchi mnapiga mbinja. Muvi ya supahiroo ni sheria hiyohiyo iliyopewa mamilioni ya dola. Ukikaa kumwangalia Spider-Man, unajua atashinda. Unachosubiri ni namna atakavyoshinda, na raha yote iko hapo kwenye namna.

Muvi ya kutisha inaishi kwa kuivunja sheria hiyo. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitoa Psycho, akamchukua Janet Leigh, nyota ambaye watu walikuwa wamelipia kumwona, akamuua bafuni kabla muvi haijafika nusu. Watazamaji wakabaki hawana wa kumshika mkono. Tangu hapo, mtengenezaji mzuri wa muvi za kutisha anacheza na jambo hilo moja: mtazamaji asijue nani atabaki.

Masupahiroo waliwahi kuazima mbinu hiyo, na walipoiazima ndipo walipotikisa dunia. Mwishoni mwa Avengers: Infinity War ya 2018, adui mkuu, Thanos, anapiga vidole na nusu ya viumbe wote wanapukutika kama majivu. Watu waliotoka kuangalia siku ile walikuwa na nyuso za matanga. Mwaka uliofuata Avengers: Endgame ikawarudisha walio wengi, sheria ikasimama tena, na ikaingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani.

Ukiwa umetoka kwenye wiki mbaya, mwenye nyumba anadai kodi na mtihani umekwenda kombo, chukua supahiroo. Unahitaji mtu akuhakikishie kwamba mambo yatakaa sawa, hata kama ni ya uongo. Ukiwa umechoshwa na kubashiri kila kitu kabla hakijatokea, hamia upande wa pili.

Bati, mvua na mtafsiri

Hapa ndipo wabishi wengi hawafiki, na ndipo uchaguzi ulipo.

Muvi ya kutisha inaingilia masikioni. Spielberg alipokuwa akitengeneza Jaws, iliyotoka 1975, yule papa wa mashine alikuwa akiharibika mara kwa mara, ikabidi amfiche chini ya maji na kuuachia muziki wa John Williams ufanye kazi. Noti mbili zinazojirudia, na watu wakaogopa bahari. Jaribu mwenyewe: chukua muvi yoyote ya kutisha, zima sauti. Kinachobaki ni mtu anatembea kwenye korido polepole mno. Fanya hivyo kwa muvi ya supahiroo na bado utajua nani anampiga nani na mji upi umebomoka.

Sasa weka hilo kwenye mazingira yetu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, mvua ya Mbeya ikiamua kunyesha jioni haiulizi. Chumba cha bati bila dari kinageuka ngoma. Mnaongea kwa kupigiana kelele, na minong'ono yote ya muvi ya kutisha, mlango unaolia, pumzi nyuma ya pazia, vyote vinafunikwa. Utaona mdomo unacheza, halafu ghafla sura mbaya, wala hujui imetokea wapi. Muvi ya supahiroo inaivumilia mvua. Ongeza sabufa, kazi iendelee.

Geuza kalenda uende Juni na Julai. Baridi imeshika, saa tatu usiku barabara za mtaani zimenyamaza, kila mtu yuko ndani na blanketi, upepo unashuka kutoka mlima Loleza na geti la jirani linagongagonga. Hapo muvi ya kutisha inapewa wasaidizi wa bure. Mbwa akibweka nje wakati muvi imekaa kimya, utatazama dirisha kabla hujaitazama skrini. Kama unataka kujaribu muvi za kutisha kwa mara ya kwanza, subiri msimu huo. Na usiku kweli, maana hizi muvi zimepigwa gizani: ukiwasha saa nane mchana dirisha likiwa wazi, kwenye kioo cha TV utajiona wewe mwenyewe na kikombe chako cha chai.

Halafu kuna mtafsiri. Tanzania ina historia yake hapa, ya akina Lufufu na waliomfuata, wanaoingia juu ya sauti ya muvi na kuisimulia upya kwa Kiswahili, wakiongeza utani, matusi mepesi na majina ya mitaa. Kwa supahiroo, mtafsiri mzuri anaifanya muvi iwe mbili. Thanos anakuwa mzee mmoja mkorofi mwenye shamba, Iron Man anamjibu kama konda wa daladala za Mafiati, na mabenchi yanaanguka kwa vicheko.

Kwa muvi ya kutisha, mtafsiri huyohuyo ni adui. Niliwahi kuikuta A Quiet Place kibandani imetafsiriwa. Hii ni muvi ya 2018 kuhusu familia inayoishi kimya kwa sababu viumbe vinavyowinda watu vinafuata sauti. Wanazungumza kwa lugha ya alama, na dakika nyingi zinapita bila mtu kufungua mdomo. Mtafsiri naye amelipwa aongee. Basi akaongea. Mama ananyata pekupeku, yeye anasema, "Hapa mama anawaza, jamani ningejua ningevaa ndala." Baba ananyoosha kidole kwenye mdomo, yeye anasimulia alichokula baba asubuhi. Kiumbe kilipotokea, kibanda kizima kilikuwa kinacheka. Ilikuwa jioni nzuri sana, ila muvi yenyewe hakuna aliyeiona.

Msichukue hapo kwamba kibandani hakufai kitu cha kutisha. Kuna za mbio na kelele zinazokubali watu wengi, na mfano ninaopenda kuutoa ni Train to Busan ya Korea Kusini, ya 2016. Mazombi ndani ya treni iendayo kasi, mabehewa yanafungwa moja baada ya jingine. Mtu aliyewahi kusafiri na TAZARA kutoka Mbeya, anayejua njia ile nyembamba kati ya mabehewa na watu waliolala juu ya mizigo, ataielewa muvi hiyo kwa mwili. Mtafsiri aongee tu, haiwezi kuharibika.

Saa, bando, na hesabu ya darasa

Kwa muda, muvi za kutisha zinashinda bila kutoa jasho. Paranormal Activity ni dakika 86, A Quiet Place ni 90, Get Out 104. Upande wa pili Endgame ni dakika 181, The Batman ya 2022 ni 176, The Dark Knight 152. Kwa anayeangalia mtandaoni hiyo ni pesa: Netflix wenyewe wanasema ubora wa kawaida unakula hadi GB 1 kwa saa, na HD hadi GB 3. Kwa kiwango hicho muvi ya saa tatu kwa HD inakula hadi GB 9, bando ambalo mwanafunzi amelipangia mwezi mzima. Umeme nao ukikatika, muvi ya supahiroo inaahirishwa mpaka kesho. Ya kutisha ukikatikia katikati, hiyo ni sehemu ya muvi.

Kikwazo kikubwa zaidi cha masupahiroo ni darasa la awali. Marvel walianza na Iron Man mwaka 2008, na Endgame ilipotoka 2019 ilikuwa muvi ya 22 kwenye mnyororo uleule. Ukimkalisha mtu mgeni mbele ya Endgame, ataona watu wengi wanakumbatiana kwa uchungu bila kujua wamefiwa na nani. Baada ya hapo wakaongeza na tamthilia za mtandaoni ambazo usipoziona muvi inayofuata inakupita pembeni. Nadhani hilo limewagharimu: The Marvels ya 2023 iliingiza dola milioni 200 na kidogo tu, ya chini kuliko zote kwenye mnyororo huo, na mimi silaumu waigizaji. Watu walichoka kupewa kazi ya nyumbani.

Muvi nyingi za kutisha unaingia bila viatu. Hata familia kubwa kama ya The Conjuring, yenye Annabelle na watoto wengine, kila mmoja anajitegemea kiasi cha kueleweka. Anayetaka supahiroo bila darasa aombe The Dark Knight, Logan, Black Panther, au Spider-Man: Into the Spider-Verse, ile katuni ya 2018 iliyopata Oscar. Zinatosha kumfanya mtu aelewe kelele zote hizi zinahusu nini.

Jambo dogo la kwenye flashi: kwenye duka la kuwekewa muvi, mafaili ya masupahiroo yamepangwa vizuri, utakuta folda imeandikwa MARVEL ZOTE na ni kweli zote. Ile ya HORROR MPYA ni jalala. Humo mna mamba wa kompyuta, mna sehemu ya nne ya kitu ambacho sehemu ya kwanza hakuna aliyeiona, na katikati yake mna dhahabu. Muvi ya kutisha iombe kwa jina na mwaka. Ukisema "niwekee za kutisha kumi", umejitakia.

Black Panther na Sinners, mkono kwa mkono

Ukitaka ulinganisho wa haki, chukua hizi mbili. Zote ni za mwongozaji mmoja, Ryan Coogler. Zote muziki ni wa Ludwig Göransson. Zote yumo Michael B. Jordan. Black Panther ya 2018 ni supahiroo, Sinners ya 2025 ni ya kutisha. Mpishi mmoja, vyungu viwili, kwa hiyo tofauti utakayoionja inatoka kwenye chungu.

Black Panther kwanza. Ilivuka dola bilioni 1.3, ikawa muvi ya kwanza ya supahiroo kuwania Oscar ya filamu bora, na ikachukua Oscar tatu: muziki, mavazi na ubunifu wa mandhari. Watu wa Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Afrika ndani ya muvi, wanaongea Kixhosa. Ruth Carter aliyebuni mavazi alichota kwa Wamasai, kwa Wahimba, na wale walinzi wa mpakani akawavika mablanketi ya Wasotho; mtu wa Njombe akiyaona kwenye baridi ya Juni hashangai, anauliza yanauzwa wapi. Yumo Lupita Nyong'o wa Kenya na Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake ni Waganda. Ni muvi ya kuangalia mkiwa wengi, sauti juu, watoto wakubwa wakiwepo.

Lakini angalia ni nani anayebaki kichwani baada ya muvi kuisha. Ni adui, Killmonger, na hasa pale anaposimama kwenye jumba la makumbusho London akiwauliza wenyeji vitu vile vya Afrika walivipataje. Mtu wa Iringa hawezi kuliangalia tukio hilo kama anavyoliangalia mtu wa mahali pengine. Kule Kalenga, nje kidogo ya mji, liko fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Aliwapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, mwaka 1898 akajiua ili wasimshike akiwa hai, wakakata kichwa wakakipeleka Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe, na likarudi 1954. Nusu ya kwanza ya habari hiyo ni supahiroo mtupu. Nusu ya pili, kichwa kinachosafiri na kukaa miongo kadhaa kwenye nchi ya waliokikata, ni muvi ya kutisha ambayo hakuna aliyeitengeneza kama inavyostahili. Ningekuwa na pesa ningempa mtu wa muvi za kutisha, maana wale wa supahiroo wangemfufua dakika za mwisho.

Na hapo ndipo Black Panther inaponipungukia. Inauliza swali zito, halafu inalijibu kwa watu wawili waliovaa mavazi ya chui wakipigana kwenye reli za chini ya ardhi, wametengenezwa kwa kompyuta mpaka hujui yupi ni yupi. Aina ya muvi imemdai Coogler pambano la mwisho, naye amelipa.

Sinners haikudaiwa hilo kwa namna ileile. Ni Mississippi, 1932. Mapacha Smoke na Stack, wote wawili wamechezwa na Jordan, wanarudi nyumbani kutoka Chicago na pesa zisizoelezeka vizuri. Wananunua kiwanda cha zamani cha mbao, wa Mafinga na mbao zao watajisikia nyumbani, wanakigeuza ukumbi wa muziki kwa siku moja. Binamu yao ana kipaji cha gitaa, na baba yake mchungaji anamwambia aache muziki huo wa shetani. Ni nyumba ngapi Mbeya zenye ugomvi huo hivi sasa, mtoto wa kwaya anataka kwenda kurekodi Bongo Fleva? Saa nzima ya kwanza ni maisha tu: kutafuta wapishi, kupatana bei, kukutana na wapenzi wa zamani. Unawapenda. Hilo ndilo linaloumiza baadaye.

Usiku wanakuja wageni watatu mlangoni na ala zao za muziki, wapole, wanatabasamu, wanaomba kuingia wacheze pamoja na wengine. Ni wanyonya damu, na kanuni yao ni kwamba hawawezi kuvuka kizingiti mpaka mtu wa ndani awakaribishe. Kwa mtu aliyelelewa kwamba anayebisha hodi hujibiwa karibu, na kwamba kumwacha mgeni nje usiku ni aibu ya ukoo, lile tukio la mlangoni ni gumu kulikalia. Hakuna damu, hakuna kelele. Wanaongea tu, kwa adabu, na wewe unamwomba mtu aliye ndani awe mkorofi kwa mara moja maishani mwake. Nimeangalia muvi nyingi za mapigano ya angani, hakuna hata moja iliyonifanya nishike mkono wa kochi kwa sababu ya mazungumzo.

Iliingiza zaidi ya dola milioni 360, pesa nyingi kwa hadithi mpya isiyo na jina la zamani la kuegemea, ingawa haigusi hata theluthi ya Black Panther. Kwa wingi wa watu, supahiroo ameshinda. Kwa kinachobaki kichwani wiki mbili baadaye, mimi nipo na Sinners.

Hilo halinishangazi ukitazama walikotoka waongozaji wenyewe. Sam Raimi alianza na The Evil Dead ya 1981 kabla ya kupewa Spider-Man ya 2002. James Wan alifanya Saw na The Conjuring, ndipo akakabidhiwa Aquaman. James Gunn, aliyetoa Superman ya 2025, aliongoza Slither ya minyoo inayoingia watu mwilini. Aliyejifunza kumshtua mtu kwa pesa ndogo anajua kuzitumia akipewa kubwa. Get Out ya Jordan Peele iligharimu dola milioni 4.5, ikarudisha zaidi ya milioni 250 na Oscar ya uandishi. Bajeti ya Endgame ingetengeneza Get Out zaidi ya sabini.

Ukiwa sebuleni na familia

Supahiroo ndiyo chaguo la sebuleni, na kwa hilo sina ubishi. Nyingi Marekani zimepewa daraja la PG-13, yaani wazazi waonywe kwa watoto wa chini ya miaka 13, ingawa rangi za mavazi zisikudanganye: Deadpool anafanana na Spider-Man kwa mbali lakini mdomo wake na damu yake ni vya watu wazima, na Invincible ni katuni ambayo hutaki mtoto wa darasa la tatu aione. Joker nayo haina supahiroo ndani, kuna mtu anayeumwa na mji usiomjali.

Kwa muvi za kutisha, angalia nani amekaa kwenye kochi. Kwenye nyumba za walokole, na Mbeya zipo nyingi, muvi yenye pepo haichukuliwi kuwa mchezo. Cha ajabu, The Conjuring inakubalika baadhi ya nyumba hizo, kwa sababu mwishoni maombi yanashinda. Mama anaiangalia kama ushuhuda. Nimewahi pia kukuta kinyume chake, mzazi asiye na shida na majini ya kwenye muvi ila hataki Thor kwa kuwa anaitwa mungu. Mwambie Captain America mwenyewe kwenye The Avengers alilikataa hilo.

Kuna na yasiyofaa kufanyiwa mchezo. Mbeya na Mbozi zilipitia mauaji ya watu kuchunwa ngozi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na wapo watu wazima ambao bado hawapendi kutembea usiku kwa sababu hiyo. The Silence of the Lambs ni muvi kubwa, ilibeba Oscar ya filamu bora, lakini muuaji wake anawachuna wanawake ngozi. Shangazi yako aliyekulia Vwawa usimwekee.

Na msukule. Zombi wa Hollywood ni maiti iliyofufuka inayokula watu, sura aliyopewa zaidi na George Romero kwenye Night of the Living Dead ya 1968. Zombi wa asili, wa Haiti, ni mtu aliyeondolewa utashi akafanyishwa kazi, hofu iliyozaliwa kwenye utumwa. Huyo ni ndugu wa msukule wetu, mtu unayemjua jina, uliyemzika, anayesemwa analima shamba la mtu usiku. Mussa Banzi alilijua soko la hofu hizi alipotengeneza Nsyuka na Shumileta miaka ya mwanzo ya 2000. Ubora wa picha utakuchekesha leo, lakini bibi yako hatacheka. Kama sebuleni kuna anayeamini, na mara nyingi yupo, muvi ya zombi wa Kimarekani ni salama kuliko ya nyumbani.

Nikuwekee ipi?

Mko sita, kuna karanga, mvua inanyesha: Black Panther, au Into the Spider-Verse kama watoto ndio wengi. Kibandani na mtafsiri: supahiroo yoyote yenye adui anayeongea sana, na Train to Busan mkitaka kupiga kelele. Peke yako na simu na hedifoni, usiku mkavu wa Julai: A Quiet Place, na hedifoni ni lazima. Wawili mnaojuana vizuri: Get Out, ile ya kijana anayekwenda kutambulishwa ukweni, ingawa kama mmojawenu anajiandaa kwenda kutambulishwa ukweni wiki hiyo, ahirisheni. Wawili ambao bado hamjuani: The Dark Knight, maana mtu akishtuka vibaya mara ya kwanza kukaa naye, mengine yote yanakuwa magumu. Sinners iwekee usiku ambao hamna haraka na sabufa ni nzima.

Anayeng'ang'ania kwamba anataka zote mbili ndani ya muvi moja, ipo: Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022, aliyoiongoza Sam Raimi yuleyule wa The Evil Dead. Ina macho yanayochungulia, maiti inayotembea, na mama anayekimbiza watu kwenye handaki akichechemea. Shida ni kwamba huwezi kumwelewa mama huyo bila kuona tamthilia ya WandaVision. Mwambie mwenye duka akuwekee hiyo kwanza, vipande tisa. Viwili vya mwanzo ni vichekesho vya zamani, karibu vyote bila rangi, TV haijaharibika.